Mama Vibanio na Nyumba ya Mwisho ya Mtaa

Jina alilopewa na wazazi wake limechapishwa kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, na wengi wenu mmelisoma leo kwa mara ya kwanza. Kwa miaka arobaini na mitano mama yetu aliitwa Mama Vibanio, kwa sababu ya vibanio vya nguo alivyovipanga kwenye ukosi wa gauni lake kama nishani za mwanajeshi. Hata benki waliwahi kumwita hivyo dirishani, naye akaitika. Kwa hiyo humu ndani tutamwita kwa jina lake la kazi, ambalo alilipenda kuliko lile la cheti.

Mama Vibanio alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi mwashi na mkewe mshonaji. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile aliyoishi hadi alipougua, nyumba ya ishirini na mbili ukianza kuhesabu kutoka chini ya kilima. Baba yake aliijenga kwa mawe yaliyobaki kwenye kazi za watu, ndiyo maana hakuna dirisha linalolingana na mwenzake. Ua wake uko upande wa barabara, nyuma ya ukuta unaomfikia mtu mzima kifuani. Mtaukumbuka ukuta huo, maana tutaurudia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Walimu walimsifu kwa mwandiko na kumlalamikia kwa mengine yote. Siku moja ya mvua mwaka 1959, darasa lake lote lilifika shuleni limelowa chapachapa. Saa nne jua likachomoza, naye akaona kamba ya mlingoti wa bendera imekaa bila kazi. Akakusanya sweta kumi na moja, akazifunga moja moja, akazipandisha. Mwalimu mkuu aliingia getini na mkaguzi wa elimu wakakuta sweta zinapepea juu. Alichapwa, kisha akaulizwa amejifunza nini. Alijibu kwamba kule juu upepo ni mzuri zaidi. Sekondari hakwenda, kwa kuwa baba yake alivunjika mkono mwaka aliomaliza na karo iliyopatikana ilikuwa ya kaka zake. Hilo lilimuuma maisha yake yote, na kila mtoto wake aliyejaribu kukwepa shule alilisikia upya, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli ya kwanza mjini, ile yenye ngazi kumi na mbili mbele. Huko ndiko alikomkuta baba yetu, mpagazi, aliyezipanda ngazi hizo siku nzima na masanduku ya watu. Inasemekana baba alimtazama miaka mitatu bila kusema neno. Siku alipopata ujasiri alikuwa ngazi ya saba, na sanduku begani. "Nimechoka kubeba vitu vya watu wanaoondoka," alimwambia. "Nataka na mimi mtu wa kubaki." Mama alimwambia ashushe kwanza sanduku la watu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watatu. Baba alitangulia mwaka 1998, na mama hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kukalia kiti chake, isipokuwa paka.

Mwaka 1977 aliacha hoteli na kufungua udobi wake uani, kwa mabeseni mawili na pasi ya mkaa. Hoteli ilimfuata kama mteja, na majirani wakafuata hoteli. Ili nguo zisichanganyike, alishona uzi mmoja wa rangi kwenye pembe ya kila shuka: mwekundu wa hoteli, wa kijani wa tarishi mstaafu, wa njano wa fundi viatu na mkewe wa nyumba ya jirani. Mtaa mzima ulikuwa na rangi zake kwenye kopo la kahawa pale dirishani. Alijivunia kwamba hajawahi kukosea.

Alikosea mara moja, mwaka 1984, akiwa na homa. Mke wa fundi viatu alikuwa na tabia ya kutarizi maneno kwenye foronya zake, na mbili kati ya hizo zikaenda hotelini. Bibi na bwana waliokuwa kwenye fungate wakalala juu ya maneno "Koroma kwa adabu." Asubuhi walimwomba mtandika vitanda awatafsirie. Mama alipopata habari alikwenda hotelini kuomba radhi, amevaa nguo zake za heshima, akijua kazi imekwisha. Meneja akamwambia wageni wamecheka hadi wamekataa kuzirudisha, na hoteli inataka foronya nyingine thelathini. Tangu siku hiyo mke wa fundi viatu akawa Mama Foronya, na kwa sindano ile akasomesha mabinti wawili, mmoja wao muuguzi leo.

Tunalisema hili ili mtu asije akadhani mama yetu aliwachukia wageni. Wageni ndio waliotuezekea bati. Ndio waliomsomesha mwanawe wa kwanza lugha mbili za kigeni hadi akawa mwongoza watalii, kazi anayoifanya mpaka leo. Mwaka 2009 mgeni mmoja alipiga picha kamba za mama zikiwa na shuka nyeupe na kilima nyuma yake, na picha hiyo ikawa kadi, kisha bango. Watu wakaanza kupanda kilima ili kuziona shuka. Mtaa ukasakafiwa, taa zikawekwa. Kamati ya utalii ya mji ilimtembelea ikamwomba, kwa heshima zote, aanike shuka nyeupe hata siku asizokuwa na cha kufua, ili wageni wasirudi bure. Alikubali. Jumapili na sikukuu alianika nguo kavu, akicheka peke yake, na jioni akazianua zikiwa vilevile.

Kisha nyumba zikaanza kuondoka. Ya tarishi ilikuwa ya kwanza, wanawe walipoiuza ikawa ya vyumba vya wageni. Ikafuata ya tano, ya sita, ya kumi. Wapangaji waliongezewa kodi mwaka hadi mwaka mpaka wakafungasha. Fundi viatu alikuwa amefariki, na Mama Foronya alipanga pale kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 2017 mwenye nyumba alimpa miezi miwili, akahamia kwa binti yake muuguzi kule mwisho wa mji, vyumba viwili, watu sita. Maji nayo yakawa yanafika kilimani kwa zamu, kwa sababu mabafu yalikuwa mengi kuliko bomba. Duka la kona liligeuka la zawadi. Mama alirudi kutoka huko siku moja amenuna. "Sindano hakuna," alisema. "Lakini sumaku ya friji yenye picha ya shuka zangu ipo."

Alizifua shuka za nyumba zile zote, sasa zote kwa uzi mwekundu. Nyuzi za majirani alizibakiza kwenye kopo. Na alikuwa na swali ambalo alimuuliza kila aliyekaa naye uani: "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, mgeni amekuja. Mwenyeji amekwenda kuponea wapi?" Mwanawe wa kwanza alimjibu kwamba dunia ndivyo inavyokwenda. Mama akamwambia dunia na iende, yeye ana nguo za kuanua.

Jumanne tarehe 8 Februari 2022, saa tisa mchana, Mama Vibanio aliteleza uani, nyuma ya shuka, akavunjika nyonga. Upande wa pili wa ukuta walikuwepo wageni wanapiga picha. Aliita. Walipousikia mkono wake ukigonga beseni na kuuona umechomoza chini ya ukingo wa shuka, walidhani anawasalimia, wakampungia mkono, wakaendelea na safari yao. Hawakuwa watu wabaya. Hawakumjua tu.

Alilala pale saa mbili nzima. Aliyemkuta ni mgeni vilevile, mama wa makamo aliyekuwa amepanga katika nyumba iliyokuwa ya Mama Foronya, ambaye alikuja kuuliza mbona bomba halitoi maji. Mama yule alivua kandambili, akakimbia, akagonga milango saba. Kila mlango ulifunguliwa na mtu mwenye sanduku, asiyejua amwite nani. Hatimaye alishuka mpaka kwenye hoteli yenye ngazi kumi na mbili, na wapishi wakapanda kumchukua mama, wakambeba kwenye shuka yenye uzi mwekundu. Mgeni huyo yupo hapa leo. Aliahirisha safari yake, na siku zote za hospitali hakukosa. Familia inamshukuru kwa moyo wote.

Saa ileile ambayo mama alikuwa anaita, mwanawe wa kwanza alikuwa chini ya kilima na wageni kumi na wanne, anawasimulia kwamba katika mtaa huu wa kale watu wote wanajuana na hakuna anayepatwa na jambo peke yake. Alikuwa amelisema hilo kila siku kwa miaka ishirini na kitu. Hajalisema tena.

Hospitalini mambo mawili yalikwenda pamoja. Nyonga iligoma kuunga, na kifua kikaanza kubana. Na mama akagundua kwamba mwanawe huyo alikuwa tayari ameshachoresha ramani ya kuigeuza nyumba kuwa vyumba vitano vya wageni. Hakupandisha sauti. Alitaka Mama Foronya ahamie mle, yeye na binti yake na wajukuu, kwa kodi ya jirani, si ya mgeni. Mwanawe alimweleza, tena kwa upole, kwamba nyumba ile ingewalisha wote hadi vitukuu.

"Imeshakulisha," mama alimwambia. "Umekula, umesoma, umenenepa. Mimi nimeanguka nikaita, watu wakanipungia mkono. Sitaki mtu mwingine aanguke mle akapungiwa mkono."

Mwanawe aliikunja ile ramani akaitia mfukoni. Alitoka, na kwa siku tisa alikuja hospitali, akamlisha uji, akamkata kucha, na suala la nyumba halikutajwa. Hapo pana ukimya ambao anauombea radhi mbele yenu, kwa sababu siku zenyewe zilikuwa zimebaki chache. Tarehe 29 Machi aliichana ile ramani mbele ya kitanda na kusema, "Haya, mama. Akae." Mama alimtazama jinsi alivyomtazama mteja anayedai doa lilikuwepo tangu mwanzo.

"Maneno ya hospitali huishia hospitali," alisema. "Yaandike kwenye wasifu wangu. Uchapishe, ugawe, usome wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Baada ya hapo nitaona utapitia wapi."

Ndiyo maana mnasoma mambo ambayo kwa kawaida huzungumzwa ndani. Mama Vibanio alifariki Jumapili tarehe 3 Aprili 2022, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Neno lake la mwisho kwa muuguzi lilikuwa kwamba shuka za wodi zinakunjwa vibaya.

Ameacha watoto watatu: mwongoza watalii, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu, mwalimu, na fundi umeme. Ameacha wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja na dada mmoja aliye hai. Ameacha majirani wa nyumba ishirini na moja, waliotawanyika kila pembe ya mji, ambao leo wamekuja karibu wote, na anayetaka uzi wa rangi yake aulizie kopo la kahawa. Ameacha paka, ambaye kiti sasa ni chake rasmi. Na ameacha ufunguo mmoja, ambao uko mfukoni mwa msomaji. Mama Foronya anaombwa asogee mbele aupokee, hapa, kabla hatujashika koleo, maana ndivyo mwenyewe alivyoagiza.

Alale salama mama yetu, na yeyote atakayeita kutoka ua ule apate wa kumwitikia.