Nani Alikuwa Anailaza Maiki

Kijiwe cha kahawa cha Luqman, pale Ujiji, kimepakana ukuta na redio ya kujitolea, na siri za redio huiva humo pamoja na kahawa. Alasiri hiyo Elikana, fundi wa redio, alishika kikombe bila kunywa. Tangu Januari maiki mbili zilikuwa zimeanguka zikafa. Mkono wa chuma uliobeba ya tatu, ya mwisho, ulikuwa umeanza kulegea kwenye skrubu yake, na saa kumi na moja ilibidi isomwe taarifa ya upepo. Wavuvi wa dagaa huisikiliza kabla ya kuingia ziwani.

— Nishawaambia, alisema Pazi, waliyemwita Antena. Ni mawimbi ya redio za Kongo. Yanavuka ziwa, yanaivuta maiki kuelekea Kalemie.

— Mbona inainamia chooni? aliuliza Luqman.

— Yanazunguka, bwana!

Lukas, ndiye Profesa, alikohoa.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Watangazaji waingie studio bila makoti.

— Koti na skrubu wapi na wapi?

— Methali haihojiwi. Halafu sauti ina uzito, jamani. Matangazo ya vifo miaka sita, chuma gani kitahimili?

Antena alimkanyaga mguu. Tangazo la Merina, mke wa Elikana, lilisomwa humo Desemba.

— Fundi, si uikaze tu? alisema Luqman haraka.

— Naikaza kila asubuhi. Meno ya skrubu yanakwisha.

Yusra, mtangazaji mpya, alitoka studio mbio, karatasi ya upepo mkononi.

— Shikamooni. Baba Elikana, imeinama tena! Kwani zamani, vipindi vikiisha, nani alikuwa anailaza?

Luqman aliinamisha birika. Yalidondoka matone mawili, basi.

Merina ndiye aliyefunga studio kila jioni, na asubuhi maiki ilikutwa imelazwa juu ya meza, mkono wake umepumzika. Kila Ijumaa alirudi nyumbani na ukanda wa kitenge, mrefu kama mkono wa mtu, akaufua peke yake. Elikana hakuwahi kumuuliza anaufungia nini. Ukanda ulikuwa kabatini, na kabati hilo hakulifungua tangu arobaini.

— Saa ngapi?

— Kumi na nusu, baba.

Aliweka kikombe chini, kimejaa vilevile.

— Ishikilie kwa mkono, mwanangu. Usiikaze. Nafika nyumbani, narudi.