Gwen Halvorsen na Utepe Mwekundu

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya vali hapa Kent, Gwen Halvorsen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei.

Kwa wageni watakaokuwa nasi: Gwen huunganisha vali ndogo zinazoachia gesi kwenye vyombo vya angani. Gesi ikipuliza huku, chombo kinageukia kule. Huko juu hakuna breki. Kuna gesi iliyomo tangini, na ikiisha, imeisha.

Alianzia kwenye kuosha vipuri, na haukupita mwezi akawa anawafukuza mainjinia walioingia chumba safi, kisichotakiwa hata chembe ya vumbi wala mafuta, wakinukia manukato. Mimi alinirudisha mlangoni mara mbili, na ya pili ilikuwa sabuni tu. Pai yake ya tufaha, kwa upande mwingine, haikuwahi kumfukuza mtu.

Desturi yake ilikuwa utepe. Kabla chombo hakijaondoka, alining'iniza utepe mwekundu mbele ya kila mdomo wa gesi, akafungua vali moja moja na kutazama ni upi unaopepea. Tulimtania kwamba anapamba mti wa Krismasi. Zamu ya chombo kilichoitwa Coho ilipofika tulikuwa tumechelewa, tukaliruka zoezi hilo. Alikubali shingo upande.

Coho kilifika angani kikaanza kuzunguka. Kila kilipoagizwa kitulie, kilizidi, na gesi ikawa inayoyoma. Kikaoni wakubwa walilaumu kompyuta, kisha wakalaumu jua. Gwen akasimama.

“Acheni kumtafuta mchawi. Ni mimi. Nyaya za vali ya kushoto na ya kulia nimezipishanisha.”

“Gwen, unajua unachosema?” Dale Okimoto, mkuu wetu, alimaka. “Mteja yuko kwenye simu!”

“Vizuri, naye asikie. Mkitaka kushoto, agizeni kulia. Haraka, tangi linakauka!”

Wakaagiza kinyume, na Coho kikatulia. Wakati huo mumewe, Arne, alikuwa mahututi, na bima ya matibabu yake ilitokana na kazi hii. Gwen aliyajua hayo yote alipokuwa anasimama. Dale hakumfukuza, aliufanya utepe kuwa sheria, na hakuna chombo kilichotoka hapa bila utepe tangu siku hiyo. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu Gwen kikaoni pale, na sikuwahi kumwambia.

Coho kimefanya kazi hadi mwezi huu. Gesi iliyobaki inatosha kukigeuza mara moja tu, kishuke na kuungua hewani. Waongozaji wa chombo wamemwomba Gwen atume agizo hilo mwenyewe, Ijumaa, kabla ya keki. Ili kigeuke kushoto itabidi aagize kulia. Hahitaji kukumbushwa.

Asante, Gwen. Arne, mzima wa afya, ameshaliegesha gari la safari mbele ya nyumba. Tunawatakia barabara njema na miaka mingi ya kuzurura. Mkipotea njia, Arne hana haja ya kuhofu: dereva wake ni Gwen, naye akikosea atasema mapema.