Barafu ya Mama Kaswera

Mkutano Mkuu wa Afya ya Taifa ulifunguliwa rasmi asubuhi ile, juu ya magunia ya viazi, ndani ya lori lililokuwa likishuka kutoka Butembo kwenda Beni. Gracieuse, mwanafunzi wa bweni, aliketi nyuma ya wajumbe wawili, uso mtakatifu kama wa masista wa shule yake.

Mama Kaswera, muuguzi, alikumbatia sanduku la chanjo na barafu. "Tangu vita, Serikali hapana kutuma petroli ya frigo yetu ya kupoza chanjo. Donc, ndiyo maana ninafuata chanjo Butembo. Surua hapana kungojea vita iishe."

Mzee Kambere, mwenye viazi, akacheka. "Kufika Beni barafu itakuwa supu! Utachoma batoto sindano ya supu? Serikali ilikufa, mama, tuizike."

"Hapana kufa, papa. Inalala tu, na mushahara wetu chini ya kichwa."

Lori likasimama Beni. Kaswera akafungua sanduku: kando ya chanjo ilijilaza chupa ya soda, limonade. Macho yote yakageuka nyuma.

"Ni yangu, mama," Gracieuse akakiri, kichwa chini. "Niliingiza kwenye barrière, kile kizuizi cha barabara, wakati askari walikuuliza mambo. Lakini papa Kambere aguse kwanza: ni baridi kabisa!"