Amoni Sichone, Mkalimani wa Nansama

Tarehe 31 Desemba ya mwaka huu wa 1957, Mzee Amoni Sichone, mwinjilisti na mkalimani wa misheni yetu ya Nansama, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wenzangu wa jarida la watumishi wameniomba niandike habari zake kwa sababu chumba ninachofundishia kimepakana na ofisi yake, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu wa matofali mabichi. Ukuta huo haukuwahi kuizuia sauti yake. Wanafunzi wangu wengi wanajua Zaburi ambazo mimi sikuwafundisha.

Alikuja hapa mwaka 1925, kijana kutoka upande wa Tunduma, akitafuta kazi ya kufyatua matofali. Mchungaji mzungu wa siku hizo alimsikia akiwaita wenzake waliokuwa ng'ambo ya bonde, nao wakaitika. Alimtoa kwenye tope siku ileile na kumpeleka darasani. Kinamwanga kilikuwa cha baba yake na Kinyiha cha mama yake. Kiswahili na Kiingereza alivipata hapa, na haukupita muda mrefu akawa anasimama kando ya kila mhubiri aliyepita Nansama.

Wapo wanaokumbuka mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyehubiri juu ya bahari. Watu walikaa wakimtazama tu, maana hakuna aliyewahi kuiona. Amoni alifikiri kidogo, kisha akawaambia ni ziwa kama Rukwa, ila ng'ambo yake haionekani, na chumvi yote ya Ivuna imemwagwa ndani. Kanisa zima likaguna. Mgeni alifurahi sana, akidhani mahubiri yake yamewachoma.

Wapo pia wanaolikumbuka koti lake jeusi, alilorithi kwa mmisionari aliyekuwa mfupi kuliko yeye. Mikono iliishia chini kidogo ya viwiko. Alilivaa kila Jumapili kwa fahari, na aliyecheka alipewa kazi ya kufagia kanisa.

Mwaka 1931 misheni ilimtuma kwenda kuanzisha usharika wa Chitambi, kijiji cha Wanamwanga kilicho upande wa Rodesia ya Kaskazini. Siku zile mpaka ulikuwa nguzo za saruji katikati ya mashamba ya ulezi, na mbuzi walijikuna hapo. Alikwenda na mkewe, Elizabeti, ambaye Chitambi ndiko kwao. Walijenga kanisa la miti na udongo, wakafundisha watu kusoma, wakabatiza nusu ya kijiji. Huko ndiko Elizabeti alikofariki kwa homa ya uzazi, pamoja na mtoto. Wamezikwa nyuma ya kanisa, kaburi moja.

Amoni alirudi Nansama peke yake na hakuoa tena. Ila kila mwezi alipanda baiskeli kwenda Chitambi kuongoza ibada, na usharika ule ukaendelea kukua mikononi mwa dada mkubwa wa marehemu, Mama Marita, ambaye watu wa kule walimchagua kuwa mzee wa kanisa wakati sisi huku tulikuwa bado tunabishana kama mwanamke anaweza.

Nimefika mahali ambapo kazi hii ya kuandika inakuwa nzito. Mwandishi wa wasifu wa kuagana hutarajiwa aendelee kuchekesha. Nimejaribu, nimeshindwa.

Mwaka 1952 ilitangazwa kwamba sharika zote zilizozaliwa na misheni yetu zitakuwa kanisa moja la nchi, lenye katiba yake na viongozi wake Waafrika, na kwamba Mkutano Mkuu wa kwanza utafanyika hapa Nansama, Agosti 1954. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi alikuwa Mchungaji Nathanaeli Mwazembe wa Mbozi. Mzee Amoni alipewa kazi ya kuzunguka kila usharika, kusoma rasimu ya katiba na kuieleza kwa lugha ya wenyeji. Alikwenda kwenye mibuni ya Mbozi, akateremka Ivuna, akapanda milima ya Itumba akiisukuma baiskeli. Alirudi amekonda na mwenye furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu kifo cha mkewe.

Nilifuatana naye Chitambi, nikaketi naye alipomaliza kusoma. Mama Marita ndiye aliyeuliza swali la kwanza.

"Shemeji, hilo kanisa jipya linatuhesabu na sisi wa ng'ambo?"

"Linawahesabu," Amoni akajibu. "Nani aliwabatiza? Mmo."

Basi wakachagua wajumbe wao. Na kwa kuwa mavuno ya ulezi na maharage yalikuwa mazuri upande wao, wakajitolea kuwalisha wageni wote wa mkutano, na wanawake wao waje wapike. Kamati ilipokea kwa shukrani. Huku kwetu tulijenga vibanda vya nyasi, tukachimba vyoo, tukakata kuni, tukafundishana nyimbo mpya. Wanafunzi wangu walipaka chokaa kila kitu kilichosimama.

Mvua zilipokuwa zinaisha, miezi michache kabla ya mkutano, Mchungaji Nathanaeli alirudi kutoka Dar es Salaam na katiba iliyokwisha kupitiwa na wanasheria. Aliisoma mbele ya kamati. Kanisa lilikuwa la Tanganyika, na sharika zake ni zile zilizomo ndani ya mipaka ya Tanganyika.

"Na Chitambi?" Amoni akauliza.

"Serikali haitaandikisha kanisa lenye mguu katika nchi nyingine, Mzee. Hasa sasa, na hilo Shirikisho la walowezi wa kule. Misheni iliyo upande wao itawapokea. Tumekwisha kuzungumza."

"Mmezungumza na nani? Na watu wa Chitambi?"

Mchungaji Nathanaeli aliifunga katiba. Sitaki msomaji amfikirie vibaya. Alikuwa ameishi maisha yake yote akisimama nyuma ya wachungaji wazungu, na alijua kwamba kifungu kimoja kikifunguliwa, vyote vitafunguliwa, na mkutano utaahirishwa mpaka wengine wetu tuwe tumekufa. Alisema kwa upole, "Ukiwaambia wewe, watakubali. Wewe ndiye baba yao."

Amoni alikwenda. Jioni nilimwona akiisukuma baiskeli yake kupita mbele ya darasa, ingawa njia ni tambarare hapo na kila siku huipanda. Nikatoka nje.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wameuliza wapikie watu wangapi."

Nilidhani hakusikia swali langu vizuri. Alikuwa amesikia. Mama Marita alikuwa amemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba walipoahidi kupika hawakuwa wameahidi kwa ajili ya katiba, na chakula cha wageni hakirudishwi ghalani.

Kwa hiyo walikuja. Agosti ilipofika, wajumbe walipokuwa wakishuka kwenye malori na kupokewa kwa vigelegele, wanawake wa Chitambi walipita pembeni na vikapu vya unga vichwani, wakaenda moja kwa moja kwenye mafiga nyuma ya kanisa. Wajumbe waliowachagua kule hawakuja. Nasikia walikuwa wamekwisha kushonewa mashati.

Mkutano ulikuwa mzuri. Lazima niandike hivyo kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa. Tulilia tulipoimba. Wazee waliokuwa hawajawahi kuulizwa neno na mtu yeyote waliinua mikono na kupiga kura. Mzee Amoni alisimama mbele na koti lake, akitafsiri kwa Kinamwanga kwa faida ya watu waliojaa ndani na wale waliosimama nje kwenye madirisha.

Siku ya tatu kilisomwa kifungu cha mipaka. Kilisomwa kwa Kiswahili, kisha msomaji akamsubiri mkalimani. Amoni hakusema kitu. Nje, wanawake wa Chitambi walikuwa wameacha vyungu na kusogea dirishani, na miiko mingine ilikuwa bado mikononi mwao.

"Mzee Amoni, tafsiri," akasema Mchungaji Nathanaeli.

"Wameelewa."

"Hata hivyo lazima isemwe. Ndio utaratibu."

Amoni akakitafsiri kifungu kile, lakini kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna mtu wa Nansama aliyewahi kuisikia. Hata mimi niliyekaa benchi la mbele sikushika maneno yote. Ndipo Mama Marita akasema kutoka dirishani, bila hasira:

"Hatujasikia, shemeji. Sema kwa sauti yako."

Amoni akageuka kuelekea dirishani. Kisha akafanya alivyoombwa. Alisema kwa sauti ileile aliyowaitia wenzake ng'ambo ya bonde alipokuwa kijana: kwamba kanisa hili ni la watu wa upande huu, na walio upande ule si wake. Kila mtu alisikia. Nadhani na mbuzi walisikia.

Kura zikapigwa. Mikono yote iliinuliwa. Mkalimani hana kura, kwa hiyo yake haikuhesabiwa. Wanawake walirudi kwenye mafiga, na baada ya muda mfupi tulikaa kwenye nyasi tukaletewa ugali wa ulezi na maharage yaliyoungwa kwa karanga. Wajumbe wa mbali walikisifu chakula kile. Wengi hawakujua waliokipika ni akina nani.

Misheni ya upande wa pili haikuja Chitambi. Ilisema eneo lile haliko katika mipango yake, na kwamba watu wale ni wa Nansama. Sisi tuliandika kwamba si wetu tena. Barua zilikwenda na kurudi, na watu wakaendelea kufa na kuzikwa bila mchungaji. Watoto waliozaliwa tangu mwaka ule hawajabatizwa. Wanaume wenye nguvu wamekwenda migodini Ndola na Kitwe, na mvua za mwaka jana ziliangusha paa la kanisa. Hakuna aliyelirudisha.

Mzee Amoni alikatazwa kwa maandishi kuongoza ibada ng'ambo, kwani mtumishi wetu kazi yake inaishia mpakani. Alitii. Lakini kila mwezi aliendelea kwenda, akakaa chini pamoja nao kwenye kiwanja cha kanisa lao. Hakuhubiri. Mwaka jana aliiomba kamati iliweke jambo la Chitambi katika shughuli za Mkutano Mkuu wa pili, ambao tunauandaa sasa. Alijibiwa kwamba katiba bado changa na si vizuri kuichokonoa. Aliomba tena kwa maneno mengine, akapewa jibu lilelile. Baada ya hapo hakuomba.

Tangu mkutano wa kwanza ameendelea kuwa mtumishi mwema. Amewatembelea wagonjwa na kuwafunda maharusi, na wahubiri amewatafsiria. Kamati ilimsihi asistaafu mpaka mkutano wa pili upite, kwa sababu hakuna anayezijua sharika kama yeye. Alikataa kwa adabu. Nilipomuuliza atapumzikia wapi, akaniambia anahamia Chitambi.

Nikamwambia ni vizuri, watu wale watapata msaada.

"Siendi kuwasaidia, Mwalimu," akasema. "Sina cha kuwasaidia. Naenda kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia kwamba wamo."

Mwezi uliopita alikwenda kwa Mchungaji Nathanaeli kuomba cheti cha kuhama, kama Mkristo yeyote anayetoka usharika mmoja kwenda mwingine. Mchungaji alichukua kalamu, akaandika jina la Amoni na mwaka wa ubatizo wake. Halafu akakwama.

"Nikiandike kwa nani, Mzee? Kule hakuna kanisa."

"Andika kwa Marita."

"Marita si kanisa. Wewe unajua."

"Najua. Basi acha."

Mchungaji Nathanaeli mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alipofika hapo alivua miwani akafunika macho kwa kiganja. Cheti kile hakikumalizika. Kwa utaratibu wetu, Mkristo anayeondoka bila cheti hutajwa katika taarifa ya mwaka miongoni mwa waliopotea, na taarifa hiyo itasomwa mbele ya Mkutano Mkuu. Nimeuliza kama kuna njia nyingine ya kumtaja. Nimeambiwa hakuna.

Mzee Amoni, watumishi wenzako wa Nansama tunakushukuru kwa miaka yote uliyotufanya tuelewane. Tunakuombea magoti yasiyouma, mvua za wastani, na jirani wa kuota naye moto. Zawadi yetu ni blanketi, tena ni nyepesi, na tunajua kwamba haitoshi. Nenda salama, baba. Uwasalimie wale ambao hatuna tena haki ya kuwaita wetu.

Mwl. Damiano Nzowa
Nansama, Desemba 1957