Bomba la Mwisho la Fundi Geti

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la chuma, limekaa nje, baina ya mlango wa karakana ya kuchomelea na wa chumba cha kinyozi. Fundi Geti, mwenye karakana, alilitengeneza kwa mabaki ya mageti, kwa hiyo mgongo wake una mikuki, na mtu akiegemea bila kuangalia hujuta papo hapo. Kila jioni, birika la Bibi Birika, muuza kahawa wa pembeni ya benchi, linapoanza kufuka mvuke, wenyewe hufika. Yupo Daktari, ambaye hajawahi kutibu kiumbe chochote isipokuwa simu. Yupo Mpelelezi, aliyekuwa mlinzi wa ghala; kazi alistaafu, kushuku hakustaafu. Na yupo Kocha, kinyozi, anayemfundisha kila mtu kazi ambayo yeye mwenyewe haijui. Siku hiyo Kocha alitokea wa mwisho, kwa sababu alikuwa amebeba feni.

Ilikuwa feni ya kinyozini, ile ya kusimama. Mteja aliyekuwa kitini alibaki humo ndani na kichwa kilichonyolewa nusu, akitokwa jasho na kuuliza kama wamemsahau. Walikuwa wamemsahau. Kocha akaiweka feni mlangoni mwa karakana kama alivyofanya kila jioni tangu kazi ya alumini ianze, akaielekeza kwa Fundi Geti, akaiwasha mpaka mwisho, akaenda kukaa akiwa ameridhika na nafsi yake.

— Kila mtu amsaidie jamaa kwa alichonacho, alisema. Mimi nina upepo.

— Na mimi nina ushauri, alisema Daktari.

— Ushauri wako tunao mpaka unamwagika, alijibu Bibi Birika. Shika kikombe.

Jamaa alihitaji msaada kwelikweli. Maisha yake yote Fundi Geti alichomelea chuma: mageti, madirisha, vitanda vya mabweni, tena nje, juani, huku upepo ukimpeperusha kofia, na chuma hakikuwahi kumlalamikia. Sasa timu moja ya magari ya mashindano ilikuwa imemwazima mashine ya tigi na mtungi wa gesi, ajifunze kuchomelea alumini. Akiweza, atawatengenezea mabomba na matangi ya gari lao, na mashine itabaki kwake. Asipoweza, mashine inarudi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mtu wao kuja kuangalia, na kati ya mabomba waliyomwachia limebaki moja tu. Asubuhi alijizoeza kwa vipande, mabomba aliyashika jioni, na mengine yote aliyaharibu.

Kocha alikuwa na lake moyoni. Fundi Geti alishamwambia faraghani kwamba mashine ikirudi, na yeye anafunga karakana, anamfuata kaka yake kwenye kazi za ujenzi huko mbali. Mageti siku hizi watu wananunua yaliyokwisha tengenezwa. Kocha alicheka siku ile, akamwambia aache utani. Usiku hakulala vizuri. Walikuwa wamekaa ukuta kwa ukuta tangu wote wawili wakiwa na nywele.

Mara mwanga wa mashine ukazimika mle ndani. Fundi Geti akatoka na koti lake la ngozi, maski imepandishwa juu ya kichwa, akiwa ameshika kwa koleo vipande viwili vya alumini alivyoviunga kwa majaribio kabla ya kuligusa lile bomba. Akavionyesha tu.

Kiungo kilikuwa cheusi kwa masizi, kina vitundu kama mkate.

— Lo! alisema Bibi Birika. Kimeungua.

— Asubuhi nimefanya vipande vingine, alisema Fundi Geti kwa unyonge. Vinang'aa! Mshono umelala vizuri, ungesema umeshonwa kwa cherehani. Mashine ileile, mkono uleule. Jioni hivi.

— Umesafisha? aliuliza Kocha kwa sauti ya mkaguzi.

— Nimesugua kwa brashi ya alumini peke yake, ile isiyogusa chuma. Nimefuta mafuta. Sindano ya tochi ya kuchomelea nimeinoa upya.

— Na gesi?

— Gesi inatoka. Nimekwambieni, gesi ndiyo shuka. Alumini ikiyeyuka inafunikwa na gesi mpaka ipoe, hewa isiiguse.

— Kama bandeji kwenye kidonda, alisema Daktari.

— Ndiyo hivyo.

— Basi hapo huna kosa. Kosa liko kwenye mwili. Mkono wa kulia tochi, mkono wa kushoto unalisha waya, mguu uko kwenye kanyagio la moto. Viungo vitatu, kila kimoja na kazi yake! Damu haitoshi huko juu.

— Asubuhi inatosha?

— Asubuhi umetoka kulala, damu imejaa.

Fundi Geti akapangusa jasho.

— Angalau feni ipo, alisema. Bila feni ningekwisha kufa humo ndani. Ahsante, ndugu yangu.

Kocha akavimba kifua. Fundi Geti akarudi ndani kulisafisha bomba la mwisho, na benchi likaanza kazi yake.

— Mimi nasema kuna mkono wa mtu, alianza Mpelelezi, akiangalia kushoto na kulia. Asubuhi kizuri, jioni kibaya. Maana yake mchana kuna mtu anaingia, anabadilisha alumini.

— Anabadilisha na nini?

— Na alumini nyingine.

— Sasa si ni ileile?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Huwezi kugundua!

Bibi Birika akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na maoni yake tangu siku ya kwanza.

— Nyie wanaume hamjui alumini, alisema. Mimi nimeishi nayo. Sufuria zangu zote ni alumini. Hicho ni kitu cha jikoni, kimezoea kukaa mahali pamoja na kusuguliwa kwa mchanga. Leo mnakiambia kiingie kwenye gari kikimbie. Kinaogopa!

— Asubuhi hakiogopi?

— Asubuhi hakijajua kinapelekwa wapi.

Hapo hata Mpelelezi aliinua kikombe, kwa heshima.

— Mnazunguka tu, alisema Kocha. Suala ni maneno. Chuma kinakuonya: kikikaribia kuyeyuka kinakuwa chekundu, unajiandaa. Alumini haikwambii. Inakaa nyeupe, inakaa nyeupe, mara pwaa, iko chini! Kitu kisichosema lazima ukisemeshe wewe. Nimemwambia aiimbie.

— Akaimba?

— Ndani ya maski utajuaje?

— Mnajua timu pinzani wana kisima? aliuliza Mpelelezi, akiinamia kikombe chake na kushusha sauti. Wamechimba chini kwa chini mpaka hapa. Wanaivuta gesi kwa bomba.

— Gesi iko kwenye mtungi, Mpelelezi. Mtungi uko juu ya sakafu.

— Sasa umeshajiuliza kwa nini wameuweka juu ya sakafu?

Walipokuwa wakijiuliza, pikapu ikaegeshwa mbele yao. Akateremka mwanamke kijana wa ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Mkononi alikuwa na kamba nene iliyokunjwa vizuri. Kocha aliiona kamba kabla ya kumwona mwenye kamba. Kamba ya namna ile hailetwi kufunga bomba. Inaletwa kufunga mashine.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, waliitikia.

— Mimi nimetoka kwenye timu. Naambiwa fundi yuko hapa?

— Yuko ndani, alisema Kocha haraka mno. Yuko kwenye hatua nyeti. Kaa kwanza, kaa. Bibi, mpe kahawa. Wewe ndiye dereva?

— Mimi ndiye msoma ramani. Nakaa pembeni ya dereva namwambia kona ipi inakuja.

— Kwa hiyo unampigia kelele mtu anayefanya kazi, alisema Bibi Birika. Karibu, umefika nyumbani.

Wakasogea, akakaa. Aliegemea, akainuka upesi, akajikuna mgongo, akakaa tena wima. Kisha wakamweleza. Walimweleza yote, tena kwa pamoja: damu isiyopanda, mtu wa mchana, woga wa sufuria, nyimbo. Mpelelezi alipofika kwenye kisima cha wapinzani, msichana alikuwa ameacha kunywa.

— Sisi wapinzani wetu hawana hata jeki, alisema.

— Ndivyo wanavyotaka muamini.

Ndani, Fundi Geti alikuwa ameshalifunga bomba kwenye jiliwa. Walimwona akivaa glavu, akijiweka sawa kwenye kigoda, akitafuta kanyagio kwa mguu. Mgongo wake ulikuwa umeinama kama wa mtu aliyekwisha sikia hukumu. Kocha akashindwa kuendelea kumtazama.

Yule msichana akageuza kikombe mikononi.

— Ngoja nielewe, alisema. Asubuhi anachomelea vizuri.

— Vizuri kabisa!

— Na jioni vibaya.

— Kila jioni.

— Sasa jioni hapa kuna nini ambacho asubuhi hakipo?

Daktari akajipima mapigo ya moyo. Mpelelezi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona mtu wa kumshuku isipokuwa wale aliokaa nao. Bibi Birika akajishughulisha na mfuniko. Benchi ambalo halijawahi kukosa jibu, hata pale lilipokosa swali, likakaa kimya.

Na katika kimya hicho kitu kimoja tu kiliendelea kusema. Vuuuu. Vuuuu.

Kocha akainua macho taratibu. Mvuke wa birika haukuwa unapanda juu kama mvuke wa watu wengine. Ulikuwa umelala ubavu, unapita mbele ya feni, unaingia mlangoni, unampita Fundi Geti begani na kwenda moja kwa moja mpaka pale kwenye ncha ya tochi. Pale palipotakiwa kuwa na shuka la gesi. Jioni zote zile, bomba baada ya bomba, alikuwa akimfunua mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na kupewa ahsante juu yake.

Masikio yakamwaka moto. Asubuhi feni huwa kinyozini.

Fundi Geti akaishusha maski.

Kocha alisimama ghafla kiasi kwamba benchi zima liliyumba na Daktari akajimwagia kahawa. Alikwenda mpaka ukutani kama mtu anayekwenda kumzuia mtoto asiingie barabarani, akashika waya, akaung'oa. Mapanga ya feni yakazunguka, yakachoka, yakasimama. Mvuke ukasita, kisha ukapanda juu wima.

Hapo ndipo wote walipoisikia mashine kwa mara ya kwanza. Kumbe ilikuwa na sauti yake, mvumo mmoja mwembamba usiotetereka, ambao feni ilikuwa ikiufunika siku zote. Mwanga ukawaka ukutani, wakageuza nyuso kulinda macho. Kocha alibaki amesimama na plagi mkononi, akiomba kimoyomoyo kama mtu aliyefiwa nusu.

Mvumo ukakatika.

Wakasubiri. Kisha Fundi Geti akatokea mlangoni. Jasho lilimtiririka kuanzia kwenye kipara mpaka kwenye kola, koti limemganda, pumzi zinamtoka kwa shida. Mbele yake, kwenye koleo, alikuwa amelibeba bomba.

Mshono ulizunguka shingo ya lile bomba mduara mzima. Ulikuwa mweupe, unang'aa, kila kiwimbi kimelalia mwenzake. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na masizi.

Msichana aliinama akautazama upande mmoja, akazunguka, akautazama upande wa pili. Alichukua muda wake, na Kocha aliuhisi wote. Kisha akaenda kwenye pikapu, akaitupa kamba ndani.

— Likipoa nitalichukua, alisema. Mashine ibaki. Wiki ijayo tunakuletea tangi.

Daktari akapiga ukelele, Mpelelezi akampa kila mtu mkono kana kwamba yeye ndiye aliyekamata mwizi, na Bibi Birika akafuta macho kwa ncha ya khanga akisingizia moshi. Kocha alitaka kumkumbatia Fundi Geti lakini bomba lilikuwa bado la moto, kwa hiyo akalikumbatia koti kwa nyuma. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

— Ila ndugu zangu, alisema Fundi Geti alipopata pumzi, nani kazima feni? Nusura nife humo!

Msichana alikuwa anaangalia kikombe chake, midomo imebanwa, mabega yanamtikisika.

— Basi si neno, aliendelea Fundi Geti. Nimeweza hata kwa joto lile! Hebu fikirieni nikipata upepo wa kutosha. Kocha, tangi likija, tafadhali niwekee feni mbili.

— Hapana! walipiga kelele wote kwa pamoja, na msichana pamoja nao.

Fundi Geti akapigwa na butwaa. Alimtazama mmoja mmoja, mwisho akakaza macho kwa Kocha, ambaye alikuwa ameshaikwapua feni na kuikumbatia kifuani.

— Kwani kuna nini? Mbona mnanikatalia feni?

Kinyozini, yule mteja wa nusu kichwa akaanza kugonga dirisha. Daktari akamtazama Mpelelezi, Mpelelezi akamtazama Bibi Birika, na Bibi Birika, ambaye birika lake lilikuwa bado linasikika likichemka, akalifunika kwa kitambaa.

— Kahawa imekwisha, jamani, alisema. Kila mtu kwake.