Mwaka Wangu wa Tohara Siutaji Tena

Bwana asifiwe! Asifiwe kule Kachibora nilikotoka asubuhi hii, asifiwe na hapa Kanduyi mnaponiona nimesimama na viatu vya matope!

Ndugu zangu, mimi ni Baba Nekesa, mkulima wa mahindi na mhitimu wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima, Kitale mjini. Cheti changu kiko sebuleni, kikubwa kuliko dirisha. Siku nilipokipata nilidhani hakuna kilichobaki duniani cha kujifunza. Hata malaika angeniuliza swali, ningemjibu kabla hajamaliza.

Lakini kuhusu usalama wa mtandao, nilikuwa gizani! Mwizi niliyemjua ni wa kukata waya za ua. Huyo wa mtandaoni nilidhani huwatafuta matajiri. Angetaka nini kwa mtu mwenye ng'ombe mmoja asiye na adabu?

Kumbe nilikuwa na kitu. Mke wangu, Mama Nekesa, alilala katika Bwana, huu ni mwaka wa pili. Kabla ya hapo alikaa Kabuchai miezi mingi akimuuguza mamake, nami nikabaki na shamba. Kila jioni alinirekodia ujumbe wa sauti kwa simu. Hakuwa mtu wa maneno matamu! "Baba Nekesa, umefunga kuku?" Basi. Halafu unasikia mvua kwenye mabati ya mamake, anakohoa kidogo, kimya. Binti yetu Nekesa, fundi wa kushona hapa Kanduyi, alizihifadhi sauti zote kwenye akaunti yangu ya mtandaoni simu yangu ya zamani ilipoanza kufa. Nimezisikiliza mara milioni. Ile mvua naijua kila tone.

Nekesa aliniambia, "Baba, weka paswadi ambayo mtu hawezi kuotea." Nikaweka jina langu na mwaka niliotahiriwa. Wanaume, mnacheka nini? Hebu ainue mkono ambaye hajaweka huo mwaka wake! Naona mkono mmoja, na ni wa mgeni. Sisi mwaka wa tohara tunautaja kabla ya jina. Tunaamua nao nani mkubwa wa nani. Halafu huo huo ndio tunaufanya siri!

Jumamosi moja nilikuwa napukuchua mahindi, simu ikalia. "Mulembe, mzee!" Sauti tamu kama chai ya harusi. "Si sisi ni bakoki, tulitahiriwa mwaka mmoja? Hebu taja mwaka wako, bana." Nikautaja kwa sauti ya kufika Mlima Elgon. Akacheka, akaniita kaka. Ati kuna grupu ya rika letu, wananitafuta. Ndugu zangu, mtu mpweke akiitwa kaka hufungua hata mlango usio na bawaba.

"Kuna namba sita zimeingia kwa simu yako. Nisomee nikuingize." Kweli zilikuwa zimeingia. Nikavaa miwani. Nikasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne...

"Kwani wewe ni nani," nikamuuliza, "nikukumbuke sura?"

"Si ni mimi, bana!"

Hapo ndipo Bwana alipotenda! Mama Nekesa hakuwahi kumfungulia mtu lango kwa neno "mimi". Alisimama na mwiko mkononi: "Mimi hana jina? Hata fisi akibisha ni mimi!" Mchungaji wetu ni shahidi, siku moja alilowa mvua pale nje. Basi nikamsikia mke wangu, wazi, kama yuko jikoni. Nikamuuliza yule mtu jina. Akapandisha sauti: "Soma hizo mbili, mzee, muda unaisha!"

Nikakata simu. Nikampigia Nekesa.

"Baba! Umemsomea ngapi?"

"Nne."

"Wewe na cheti chako!" Halafu akaanza kulia.

Akanieleza kwamba ule mwaka ulikuwa ufunguo wa kwanza, na namba sita ni ufunguo wa pili. Yule mtu angeingia, anifungie nje, awalaghai watu kwa jina langu, na sauti ya Mama Nekesa tusiisikie tena. Tukabadilisha paswadi saa ile ile, yeye akinielekeza kwa simu ya jirani yangu. Nikabonyeza ujumbe wa kwanza. Nikasikia mvua. Haleluya!

Ndugu zangu, sisi watu wazima si wajinga. Tumelea, tumezika. Ila tunadhani kisichouzika sokoni hakiibiwi, na kwamba anayesema lugha ya nyumbani ni wa nyumbani. Mtumaini Bwana kwa moyo wote! Lakini namba zile usimsomee mtu, hata akikutajia jina la babu yako. Na wewe uliyekwisha kuzisoma, usijifiche kwa aibu. Mwambie mwanao leo. Mimi nilidhani nimechelewa, kumbe zilibaki namba mbili, na kwa hizo mbili Mungu alinitosha!

Asanteni kwa maombi yenu. Paswadi mpya msiniulize, hata wewe mchungaji. Jioni nikifika Kachibora, kabla ya kuvua viatu, nitamsikiliza tena. "Baba Nekesa, umefunga kuku?" Nami nitajibu, ingawa najua hasikii. Nimefunga, Mama Nekesa. Safari hii nimefunga kila kitu. Laiti ungekuja uone.