Kifungo cha Buluu cha Nola Trewin

Marehemu Nola Joan Trewin alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 huko Moonta, Australia Kusini, mtoto wa pili wa mwoka mikate. Shuleni alisumbua kwa maswali mpaka mwalimu akambandika jina la Bibi Kwanini. Mwaka 1961 alikwenda Adelaide kusomea unesi.

Mwaka 1966 aliolewa na Lindsay wa maghala ya ngano ya Wallaroo. "Nilidhani nimeoa nesi," mzee alizoea kulalamika, "kumbe polisi!"

Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika nyumba ya wazee ya hapa Kadina. Alipoanza, waliopotewa na akili wengi walitokana na kiharusi. Alipostaafu, wa Alzaima, ugonjwa wa kusahau, ndio waliojaa, na wa ugonjwa wa Lewy, wale wanaoona visivyokuwepo, ambao zamani hakuna aliyewataja, walishafika sita. Hao wa Lewy, dawa ya kutuliza huwakakamaza, hata kuwaua. Basi kwenye mlango wa kila mmoja wao Nola alishona kifungo cha buluu kwenye kitambaa cha jina, na nesi yeyote akikiona, dawa ile haitoki kabatini.

Mwaka 2019 alianza kuona wanakondoo jikoni. "Ros, wafungulie mlango, wameshashiba," aliniambia. Mwaka 2022 tulimpeleka nyumba ileile. Uongozi mpya ulikuwa umeng'oa vifungo vyake, eti mapambo ya kizamani! Daktari akaandika Alzaima bila hata kumuuliza anaona nini. Nyumba aliyoitumikia ujana wake wote ilimgeuka.

Tarehe 14 Juni 2023 walimletea dawa ileile. Alifumba mdomo, akashika sweta yake kifuani.

"Hiyo si yangu, Ros."

"Meza, Mama. Daktari anajua."

Akameza. Baada ya siku tisa hata chai haikupita kooni. Alifariki tarehe 2 Julai, saa kumi alasiri.

Juzi Val, nesi mwenzake wa zamani, alifika kutoka Queensland kwa mazishi. Alipoiona sweta tutakayomzika nayo akauliza, "Kile cha buluu kakitoa nani? Aliniambia kwenye simu amejishonea mwenyewe."

Ameacha mume wake Lindsay, mwanawe Grant, wajukuu watatu, na binti yake Roslyn, ninayewasomea haya. Nilikitoa mimi, wiki moja kabla ya dawa, kwa kuwa hakikufanana na vingine. Nilidhani amesahau rangi.

Leo kipo mahali pake, cha pili kutoka juu. Lala, Mama. Hakuna atakayekumezesha kitu tena.